MTOTO ASIYETULIA: MIKONO MINGI, NJIA MOJA

Mwezi huu tunataka kumwangalia mtoto ambaye karibu kila ukoo unaye, na ambaye mara nyingi husemwa kwa hasira kuliko kwa upendo. Huyo ni mtoto asiyetulia.

Ukimpa uji, kabla ya kijiko cha tatu amekwisha inuka. Ukimtuma chumvi kwa jirani, anarudi na kipande cha muwa, chumvi ameisahau njiani. Kanisani anapita chini ya mabenchi mpaka kwa wanakwaya. Mwalimu wa darasa la awali anasema hakai mahali pamoja, anawasukuma wenzake mstarini, na herufi alizofundishwa asubuhi mchana hazikumbuki. Kila mtu ana jina la kumpa: mtukutu, mtundu, kichwa maji, kichwa ngumu.

Na kila mtu ana sababu yake. Wengine husema ana mashetani. Wengine husema amerogwa. Walio wengi humnyooshea kidole mama: amemdekeza, hakumfunza. Mama naye, ili watu waone kwamba anafunza, huchukua fimbo. Mtoto hatulii. Fimbo inaongezwa. Kabla hajafika darasa la tatu, mtoto wa namna hii anaweza kuwa amekwisha amini kwamba yeye ni mbaya, na shule amekwisha ichukia. Hapo tumempoteza mtoto mwenye akili timamu kwa sababu tu hakuna aliyemwelewa mapema.

Mifano yetu mwezi huu tumeitoa Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Tumefanya hivyo kwa sababu malezi ya huko yana jambo moja ambalo kwa mtoto asiyetulia linaweza kuwa dawa, na pia linaweza kuwa sumu. Jambo hilo ni kwamba mtoto hulelewa na mikono mingi.

UTUNDU WA KAWAIDA NA TATIZO LENYEWE

Kwanza kabisa, tusiogopeshane. Mtoto wa miaka miwili au mitatu kukimbia, kupanda, kuuliza maswali mia na kuchoka na jambo upesi ni afya. Mtoto mdogo anayekaa kimya siku nzima kama mzee wa baraza ndiye wa kutiliwa mashaka.

Tatizo tunalolizungumzia ni lile ambalo madaktari huliita upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliozidi. Katika karatasi za hospitali huandikwa kwa herufi nne, ADHD. Lina sura tatu. Ya kwanza ni kushindwa kushika jambo: mtoto anaanza na hamalizi, anapoteza vitu, anaambiwa na hasikii ingawa masikio ni mazima. Ya pili ni kutotulia kwa mwili. Ya tatu ni kukurupuka: anajibu kabla ya kuulizwa, ananyang'anya, anakimbilia barabarani bila kutazama.

Daktari hasemi kwamba mtoto ana tatizo hili kwa kumtazama mara moja. Hutaka kujua kama dalili zimedumu kwa miezi sita au zaidi, kama zimepita kiasi kwa umri wake, kama zilianza kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja. Mtoto anayesumbua shuleni tu, na nyumbani ni mtulivu, huenda shida iko shuleni. Anayesumbua kwa baba wa kambo tu, na kwa bibi yake ni malaika, huenda shida iko katika nyumba ile.

Duniani kote tatizo hili hukadiriwa kuwapata watoto kama watano katika kila mia. Wavulana hutambuliwa zaidi kuliko wasichana. Lakini akina mama, mwangalieni pia binti anayeduwaa. Hapandi miti wala hapigi wenzake. Anakaa dirishani akitazama nje na somo limempita. Huyo husahaulika, kwa sababu hamsumbui mtu.

TATIZO HUTOKA WAPI?

Sehemu kubwa mtoto huzaliwa nayo. Uchunguzi wa mapacha uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba urithi una nguvu kubwa katika hali hii, karibu kama ulivyo na nguvu katika urefu wa mtu. Kwa hiyo usishangae ukisikia bibi akisema, "Baba yake naye alikuwa hivi hivi." Mara nyingi bibi anasema kweli.

Mambo mengine hutokea mtoto akiwa bado tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Pombe na tumbaku wakati wa ujauzito huongeza hatari, na pombe huweza kuuharibu kabisa ubongo wa mtoto. Hapa tuseme wazi: msimu wa mabibo ukifika, uraka hunywewa kama maji ya matunda, na wako wanaomkaribisha mjamzito kikombe kimoja "apate nguvu". Uraka ni pombe, na gongo ni pombe kali zaidi. Mama mjamzito asinywe hata kidogo, na mumewe amsaidie kwa kutomletea. Kadhalika watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo sana hupata shida ya umakini zaidi kuliko wengine.

Iko pia malaria iliyopanda kichwani. Watafiti waliowafuatilia watoto waliougua malaria hiyo mjini Kampala walitoa taarifa mwaka 2008 kwamba miaka miwili baada ya kupona, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kushika jambo. Kwa hiyo chandarua, na kumwahisha mtoto mwenye homa kwenye zahanati, ni ulinzi wa akili yake ya shuleni pia.

Na yako mambo yasiyo chanzo. Sukari na peremende hazisababishi tatizo hili, ingawa huharibu meno. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 1995 haukuona kwamba sukari hubadili tabia ya watoto. Wala si uchawi. Tumwombee mtoto, ni vema, lakini asifungiwe wala asiachishwe chakula wala asichanjwe kwa wembe kwa sababu ya ugonjwa ambao una maelezo.

NYUMBA YA KWANZA HUFANYA NINI?

Ikiwa mtoto huzaliwa na sehemu ya hali hii, je, malezi hayana kazi? Yana kazi kubwa. Mtoto aliyezaliwa na moto mwingi anaweza kulelewa mahali panapotuliza moto ule, au mahali panapoupepea.

Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, tangu miaka ya 1970, Alan Sroufe na wenzake waliwafuatilia akina mama wenye kipato kidogo na watoto wao, tangu ujauzito hadi watoto wakawa watu wazima. Waliangalia mambo madogo madogo: jinsi mtoto wa miezi sita anavyolishwa, jinsi anavyochezewa. Walezi wengine walifuata ishara za mtoto. Akigeuza uso, kijiko kilingoja. Wengine walimwingilia mtoto kila mara. Amegeuza uso lakini kijiko kinasukumwa, au ametulia akivitazama vidole vyake naye ananyanyuliwa ghafula kuchezeshwa. Taarifa yao ya mwaka 1987 ilionyesha kwamba malezi haya ya kumwingilia mtoto yalitangulia utukutu ulioonekana baadaye katika shule ya awali. Nyingine, ya mwaka 1995, ilionyesha kwamba katika umri mdogo malezi yalieleza kukosa utulivu kwa mtoto kuliko tabia aliyoonekana nayo alipozaliwa. Pia ilionyesha kwamba hali ya mama mwenyewe ilikuwa na uzito: je, alikuwa na mwenzi, alikuwa na watu wa kumsaidia?

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtoto mchanga hawezi kujituliza mwenyewe; hutulizwa. Anapolia akabebwa, akaimbiwa, akanyamaza, ubongo wake unajifunza njia ya kutoka kwenye vurugu kwenda kwenye utulivu. Akipitishwa njia hiyo mara maelfu, siku moja ataipita peke yake. Asiyepitishwa hubaki ametupwa katikati ya vurugu.

Ushahidi mkubwa zaidi, na wa kuhuzunisha, ulitoka Romania. Baada ya serikali ya nchi hiyo kuanguka mwaka 1989, watoto waliokuwa wamelundikwa katika nyumba za yatima, wakilishwa bila kubebwa wala kusemeshwa, walichukuliwa na familia za Uingereza. Profesa Michael Rutter na wenzake waliwafuatilia. Wale waliokaa katika nyumba zile kwa muda usiozidi miezi sita waliendelea vizuri kama watoto wengine. Miongoni mwa waliokaa zaidi ya hapo, wengi walikuwa na shida ya umakini na utukutu, na kwa baadhi yao shida hiyo ilionekana hata walipokuwa watu wazima. Chakula pekee hakikutosha. Mtoto anahitaji mtu wake.

Lakini tafadhali, msomaji, usiuchukue ukweli huu ukaufanya rungu la kumpigia mama. Mtoto asiyetulia naye huibadili nyumba. Mwaka 1979 huko Marekani, Russell Barkley na Charles Cunningham walionyesha kwamba watoto wa namna hii walipopewa dawa wakatulia, mama zao nao walipunguza amri na ukali. Yaani sehemu ya ukali ule ilitoka kwa mama aliyechoka, na haikuwa chanzo cha yote. Mtoto humchosha mama, mama hukaripia, mtoto huzidi, mama huzidi. Ni duara. Hatumtafuti aliyeanza; tunatafuta mahali pa kulikata.

MIKONO MINGI YA MASASI NA NEWALA

Tukipanda sasa kutoka Masasi, penye miamba mikubwa, kwenda Newala juu ya uwanda wa Makonde, tunakuta jamaa za Wamakonde, Wamakua na Wayao ambao kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama. Mtoto ni wa mama yake, wa bibi yake, wa mjomba wake, wa mama wakubwa na mama wadogo. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na huko methali hii ni maisha ya kila siku. Mtoto wa Newala anayebebwa kwenye mbeleko mchana kutwa, na anayelala ubavuni mwa bibi yake, amepewa kile ambacho watoto wa Romania walinyimwa.

Hatari iko wapi basi? Iko pale mikono inapokuwa mingi lakini kila mkono una njia yake.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka minne, tumwite Daudi. Mama yake anauza vitumbua Masasi mjini, katika chumba cha kupanga. Mwezi wa Septemba korosho zinaanza kudondoka, mama anapanda Newala kwa wazazi wake kuokota korosho, na familia inahamia kwenye kibanda cha shambani. Juu ya uwanda hakuna mito. Maji husukumwa kwa mashine kutoka bondeni, na yakikatika akina mama huamka usiku kuyafuata mbali. Kwa hiyo asubuhi Daudi yuko na bibi, mchana yuko na dada wa miaka minane, jioni yuko na mama aliyechoka, na Jumamosi yuko na mjomba. Kwa bibi, akilia anapewa alichotaka. Kwa dada, akilia anapigwa kofi. Kwa mjomba, akilia anachekwa. Kwa mama, leo anabembelezwa na kesho anachapwa, kutegemea uchovu. Mwezi wa Januari anarudi mjini kwenye chumba kimoja chenye redio, televisheni na milango minne ya wapangaji.

Mtoto mtulivu kwa kuzaliwa atapita katika haya yote akacheka. Lakini Daudi alizaliwa na moto mwingi. Yeye hawezi kujua kesho sheria ni ipi. Kwa hiyo anajaribu kila mlango kwa kishindo, na sisi tunasema ana mashetani.

Wako wanaosema, "Mwacheni, akienda jando atatulia." Ni kweli kwamba jando hufundisha adabu. Lakini miaka ambayo mtoto hujifunza kutulia ni ile ya mwanzo, kabla ya jando kwa mbali. Samaki mkunje angali mbichi.

Wala hatusemi mila ya kumlea mtoto kwa bibi na kwa mjomba iachwe. Watu wa Masasi wanajua kwamba mila yaweza kubaki na bado ikanyooshwa. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi iliyoanzishwa mwaka 1926, hakulifuta jando. Alilipa mafundisho ya Kikristo, likaendelea kuwa jando. Nasi twaomba mikono mingi ibaki, ila iwe na njia moja.

JE, FIMBO HAISAIDII?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, nasi tutalijibu bila kuzunguka. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Watoto 95 katika kila mia walikuwa wamewahi kupata adhabu ya mwili, nyumbani au shuleni. Watafiti walilinganisha adhabu hizo na tabia, na wakaona kwamba zinakwenda pamoja na utukutu, ugomvi, na upungufu wa moyo wa kusaidia wenzao.

Mtu atasema, "Labda wanachapwa zaidi kwa sababu ni watukutu." Yawezekana; uchunguzi wa namna hiyo hauonyeshi kipi kilitangulia. Lakini fikirini. Kama fimbo ingekuwa dawa ya utukutu, na karibu kila mtoto ameinywa, leo tungekuwa na taifa la watoto watulivu kuliko wote duniani. Mtoto huyu hakosi kwa sababu hajui kosa; anakosa kwa sababu breki zake ni dhaifu. Fimbo humtia hofu, na mtoto mwenye hofu hushika mambo vibaya zaidi.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Haya ni mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyaanza bila kununua kitu.

1. Kaeni kikao. Mama amwite bibi, mjomba, baba wa mtoto kama yupo, na dada anayemshika mtoto mchana. Kubalianeni sheria tatu tu ambazo zitakuwa zile zile kila mahali. Mathalani: hapigi mtu, haendi barabarani peke yake, anakula akiwa ameketi. Sheria kumi hazitashikwa. Tatu zikishikwa na mikono yote, mtoto atajua ukuta uko wapi.

2. Achaguliwe mlezi mmoja mkuu. Wengine wasaidie, lakini awepo mmoja ambaye mtoto huamka naye na kulala naye. Akiwa bibi, basi awe bibi, na mama asimhamishe mtoto kila mara bila sababu. Na mlezi huyo naye apumzishwe. Mtu aliyechoka kupita kiasi hawezi kumtuliza mwingine.

3. Siku iwe na mpangilio. Kuamka, uji, mchezo, chakula, kuoga na kulala vifuatane kwa namna ile ile, shambani na mjini. Mkihama kwa msimu wa korosho, hameni na mpangilio wenu, na mkeka wake wa kulalia.

4. Alale. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate usingizi wa saa 10 hadi 13 katika siku nzima. Mtoto aliyekesha kwenye ngoma ya unyago au kwenye muziki wa harusi hatakuwa na umakini kesho yake. Si lazima kila mtoto aende ngomani. Mmoja wa bibi abaki naye.

5. Mpe neno moja kwa wakati mmoja. Usipige kelele kutoka jikoni, "Daudi, lete kikombe, funga mlango, mwite dada yako!" Mwendee, inama, mtaje jina, akutazame, kisha sema, "Lete kikombe." Akileta, msifu hapo hapo, kisha mpe la pili.

6. Msifu anapotulia. Mara nyingi twamwona anapovunja tu. Akikaa akamenya karanga kwa muda mfupi, mwambie, "Umekaa vizuri, mjukuu wangu." Mtoto huyu hula sifa kama mkavu anavyokunywa maji.

7. Mpe mwili kazi. Abebe kidumu kidogo, afukuze kuku, aruke kamba, akimbie mpaka kwenye mwembe na kurudi, kisha ndipo umketishe. Kumketisha mtoto huyu kabla hajakimbia ni kumwonea.

8. Rudisheni hadithi na vitendawili. Bibi anapoita "Paukwa!" na watoto wakajibu "Pakawa!", au anaposema "Kitendawili!" nao wakajibu "Tega!", mtoto anajifunza kungoja zamu, kusikiliza hadi mwisho na kukumbuka. Anzeni na hadithi fupi sana, muiongeze kidogo kidogo. Kuhesabu korosho kumi kumi ni zoezi jingine zuri. Simu na televisheni haziwezi kuchukua nafasi hii. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi saa moja kwa siku kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne, na aliye mdogo zaidi asiwekewe kabisa.

9. Akikosa, adhabu iwe fupi, ya papo hapo, bila matusi. Amenyang'anya mpira? Aketi kando karibu nawe kwa dakika chache, kisha arudi mchezoni. Yamekwisha. Usimwambie jioni habari za kosa la asubuhi. Yeye amekwisha sahau, anaona unamchukia tu.

LINI TUMPELEKE HOSPITALI?

Mpelekeni mapema mtoto anayeduwaa ghafula na kukata maneno katikati mara kwa mara, kwa maana yaweza kuwa aina ya kifafa. Mpelekeni mwenye sikio linalotoa usaha au asiyegeuka akiitwa, kwa maana huenda hasikii. Mpelekeni aliyechelewa kusema, aliyewahi kupata degedege au malaria ya kichwani, na yule ambaye weupe wa viganja vyake unaonyesha upungufu wa damu. Mambo haya hufanana na utukutu, na mengi yana tiba.

Anzeni kwenye zahanati yenu au kliniki ya watoto, na mueleze kwa mifano: anafanya nini, tangu lini, na wapi. Kutoka hapo mnaweza kupelekwa Hospitali ya Mkomaindo Masasi, Hospitali ya Wilaya ya Newala, au Hospitali ya Ndanda ya Wabenediktini, na ikibidi Ligula mjini Mtwara. Ziko dawa zinazowasaidia wengi wa watoto wa umri wa shule, lakini hutolewa na daktari anayelijua tatizo hili na kwa uangalizi. Kwa watoto wa miaka minne na mitano, hata madaktari wa watoto wa Marekani, nchi yenye dawa hizo kwa wingi, waliagiza mwaka 2011 kwamba kuwafundisha wazazi namna ya kumlea kutangulie dawa. Kwa hiyo mama wa Newala hajachelewa kwa kukosa kidonge. Dawa ya kwanza iko mikononi mwake na mwa jamaa zake.

Serikali nayo ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kutungwa mimba hadi miaka minane. Vikundi vyetu vya akina mama makanisani vinaweza kumwalika ofisa ustawi wa jamii au mwuguzi wa kliniki azungumze nao juu ya malezi hayo. Walimu wa Shule ya Jumapili nao wawemo, kwa maana ni mikono pia. Mtoto asiyetulia apewe kazi ya kugawa vitabu au kushika kengele. Asitolewe nje kila Jumapili mpaka akajua kwamba hata nyumba ya Mungu haimtaki.

Akina mama wapendwa, mtoto wa namna hii akilelewa kwa subira mara nyingi hukua kuwa mtu mchangamfu, jasiri, mwepesi wa kuanza kazi na asiyechoka. Baadhi hubaki na shida ya kusahau na kukurupuka hata ukubwani, lakini huweza kuishi vizuri wakiwa na watu wanaowaelewa. Tofauti huanza pale mtu mmoja anapoacha kuuliza, "Mtoto huyu ana nini kibaya?" na kuanza kuuliza, "Mtoto huyu anahitaji nini kutoka kwetu sote?"

Basi kabla korosho za msimu ujao hazijaanza kudondoka, iteni kile kikao. Andaeni chai, mwiteni bibi, mwiteni mjomba, na yule dada wa miaka minane msimsahau, kwa sababu mchana mzima yeye ndiye mama. Chagueni sheria zenu tatu. Na mtoto mwenyewe awepo, azisikie kutoka vinywa vyote siku moja.